Karisa ya kutandaa inadhoofika: soma dalili, kisha fukua mizizi

Karisa ya kutandaa ni mmea mgumu. Kwao ni vichaka vya pwani ya kusini mwa Afrika, kuanzia Msumbiji kushuka hadi KwaZulu-Natal na kwingineko, juu ya vilima vya mchanga ambako upepo wa bahari huleta chumvi mchana kutwa na mvua ikinyesha maji hayakai. Wazulu huyaita matunda yake amatungulu. Mmea uliozoea maisha hayo ukiuona umenyong'onyea katika bustani ya Nyali au Mbezi Beach, kuna jambo umefanyiwa. Katika bustani nyingi ninazoitwa kuziangalia, jambo lenyewe ni maji yaliyozidi, kivuli, au mkasi uliopita mahali pasipostahili. Wadudu na ukungu hufuata baadaye, wakiukuta mmea umeshachoka.

Ninayoyaeleza hapa ni ya karisa fupi, ile inayopandwa kufunika ardhi: aina kama 'Green Carpet', ambayo hubaki kwenye sentimita 30 hadi 45 kwenda juu na kutambaa zaidi ya mita moja, na 'Prostrata' ambayo hupanda kidogo zaidi. Zote zimetokana na Carissa macrocarpa, kichaka ambacho kikiachwa huru hufika mita 2 na kupita. Yenye afya utaijua kwa jani nene la kijani kilichoiva, linalong'aa kana kwamba limepakwa mafuta, mwiba uliogawanyika ncha mbili, ua jeupe la petali tano lenye harufu nzuri, na tunda jekundu. Ukivunja kijiti kinatoka utomvu mweupe.

Angalia mahali kabla ya kuangalia rangi

Umanjano ni rangi moja yenye vyanzo vingi. Ukienda dukani useme tu "majani yamekuwa manjano" utauziwa chochote kilichopo kwenye rafu, na mara nyingi kitakuwa dawa ya ukungu ambayo haina uhusiano wowote na shida yako. Kwa hiyo chuchumaa kwanza, uuangalie mmea kwa karibu.

Je, majani yaliyogeuka ni yale ya zamani, ndani karibu na shina, au ni machanga ya nchani? Ni tawi moja au mmea mzima? Ni mmea mmoja, au mstari mzima, na huo mstari uko upande gani wa bustani? Majani machanga yakitangulia, fikiria upungufu wa madini, hasa chuma. Ya zamani yakitangulia, fikiria maji, kivuli au njaa ya kawaida. Tawi moja likifa peke yake, tafuta jeraha. Mmea wote ukilegea kwa pamoja, jibu liko ardhini, na hakuna kitakachokupa jibu hilo ila sururu ndogo na mikono yako.

Mmea wote umelegea, na udongo una unyevu

Hili ndilo tatizo linaloua karisa nyingi kuliko mengine yote nitakayoyataja, na ndilo linalotibiwa vibaya kuliko yote. Majani hupoteza mng'ao, yanakuwa ya kijivu kidogo, kisha manjano, kisha yanadondoka hata ukigusa tu. Mwenye bustani anaona mmea umenyauka, anadhani una kiu, anaongeza maji. Baada ya hapo mambo huenda mbio.

Fukua upande mmoja wa mmea kwa upole mpaka sentimita 15 au 20. Chomoa vimizizi vichache, vioshe, uvitazame juani. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya krimu, na ukiupinda una ukakamavu. Mzizi uliooza ni wa kahawia, laini, na ukiubana kwa vidole viwili na kuuvuta, ganda la nje linateleza lote na kubaki uzi mwembamba katikati mkononi mwako. Ukiona hivyo, usihangaike tena na majani. Ni vimelea wa kuoza mizizi, jamii ya Phytophthora na Pythium, ambao huishi udongoni na kusambaa ndani ya maji yaliyotuama. Bila maji ya kutuama hawana nguvu ya kuimaliza karisa.

Sasa tafuta maji hayo yanatoka wapi. Bustani nyingi za Pwani zina karisa iliyopandwa ukingoni mwa ukoka, kwa sababu inapendeza pale. Ukoka hunyweshwa kila siku kwa mpira au kwa vinyunyizio, na kila tone linalopita ukingo huishia kwenye mizizi ya karisa. Ukiona mimea iliyo karibu na ukoka imekufa na ile ya nyuma, karibu na ukuta, iko salama, umeshapata jibu bila kufukua.

Chanzo cha pili ni shimo lenyewe. Mahali penye mwamba wa matumbawe, fundi huchimba shimo kwa mtaimbo, analijaza mboji na samadi, anapanda. Shimo hilo ni bakuli la mawe. Masika ikifika linajaa, na mwamba wa kuta zake hauachii maji upesi. Kipimo chake ni rahisi: chimba kishimo cha sentimita 30 karibu na mmea, kijaze maji yaishe, kijaze tena, kisha uangalie saa. Maji yakishuka pungufu ya sentimita 2 kwa saa, hapo karisa haitakaa.

Tiba kwa mmea ambao bado una nusu ya mizizi hai: acha kumwagilia kabisa mpaka udongo ukauke kufikia kina cha kidole, ondoa matandazo yaliyogusa shina, fungua mfereji wa kutoa maji upande wa chini, na punguza matawi kwa theluthi ili mizizi iliyobaki isielemewe. Dawa za ukungu za mizizi zipo, lakini bila kuondoa maji ni fedha iliyotupwa. Kwa eneo lote la chini, inua tuta la sentimita 30 la mchanga wa chembe kubwa uliochanganywa na udongo wa hapo hapo na mboji kidogo, kisha upande juu yake. Hii ni lazima pia kwa wenzetu wa Syokimau na Kitengela wenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kwenye viatu wakati wa mvua.

Na kiasi gani cha maji kinafaa? Mche mpya umwagilie kwa kina mara mbili kwa wiki kwa msimu wa kwanza. Ukishashika, mvua zetu za masika na vuli zinautosha. Kaskazi ikikaza, mwagilio mmoja wa kina kila baada ya wiki mbili unatosha, na kwenye mchanga mtupu unaweza kuongeza kidogo. Kunyunyiza juu juu kila jioni hakuufai mmea huu.

Majani machanga ni manjano, mishipa imebaki kijani

Jani jipya linatoka likiwa na mishipa ya kijani iliyochorwa wazi juu ya umanjano, na kadiri hali inavyozidi linakaribia kuwa jeupe. Majani ya zamani ndani ya kichaka hayana shida. Hapo mmea unakosa madini ya chuma, wakati mwingine manganizi pia.

Tatizo hili ni la Pwani hasa, kwa sababu udongo wetu wa matumbawe umejaa chokaa. Chuma kimo udongoni, ila chokaa hukifunga mizizi isiweze kukichukua. Karisa huvumilia udongo wa chokaa kuliko maua mengi, lakini uvumilivu una kikomo, na maji ya visima vingi vya Pwani huongeza chokaa juu ya chokaa. Vifusi vya ujenzi ndivyo vibaya zaidi. Mara kadhaa nimefukua chini ya mmea wenye dalili hii kando ya nyumba mpya nikakuta vipande vya plasta na saruji, kwa sababu mafundi walizika mabaki yao hapo kabla ya kuleta udongo wa juu.

Usiweke jivu, na usiweke chokaa ya kilimo. Watu wengi humwaga jivu la jikoni wakiamini linatibu kila kitu, na hapa linazidisha ugonjwa. Ondoa kifusi. Tandaza mboji iliyooza vizuri kila mwaka. Kwa msaada wa haraka nunua chuma cha kileti, yaani kilichotengenezwa ili kibaki tayari kuchukuliwa na mizizi, usome lebo: aina ya EDDHA hufanya kazi kwenye udongo wa chokaa, ile ya EDTA hufungwa upesi na kukuacha ulipokuwa. Mimina kwenye mizizi, usitegemee kunyunyiza majani peke yake, kwa kuwa yale yatakayochipua baadaye yatatoka manjano vilevile. Majani yaliyokwisha kuwa meupe hayarudi. Pima mafanikio kwa yale mapya.

Kama majani machanga ni ya manjano na pia ni membamba kama utepe, yamejikunja na kusongamana nchani, huo si upungufu wa chuma. Uliza ni nani amepiga dawa ya kuua magugu kando ya njia. Dawa za glaifosati zikipeperushwa na upepo huacha alama hiyo hiyo, na hujitokeza wiki kadhaa baadaye wakati kila mtu ameshasahau. Kata sehemu iliyodhurika, mwagilia mara moja kwa kina, usubiri.

Majani ya ndani ni manjano na yanapukutika

Kichaka kikiwa na umri, majani ya ndani yasiyopata mwanga hugeuka na kuanguka. Hilo ni kawaida, na halihitaji chochote. Lina maana tu pale linapokwenda mpaka nje, au mmea ukiwa chini ya mwembe, mkorosho au kibaraza. Karisa inataka jua angalau nusu siku. Kwenye kivuli hurefuka, huachana kati ya jani na jani, huacha kutoa maua, na baadaye hukaribisha wadudu nitakaowataja. Punguza matawi ya mti ulio juu, au kubali kwamba pale panahitaji mmea mwingine.

Kama uko juani, haujatuamiwa na maji, na bado majani ya zamani ni manjano mepesi kila mahali huku mmea ukikua polepole, basi una njaa ya naitrojeni. Samadi iliyooza, ndoo moja kwa mita mbili za mraba mwanzoni mwa mvua, inatosha. Mbolea kali ya nyasi ikirudiwa kila mwezi itakupa matawi laini marefu yanayosimama juu, na hayo ndiyo usiyoyataka kwenye mmea wa kutandaa.

Kingo za majani zimekauka

Hewa ya bahari haiidhuru karisa. Ndiyo maana inapandwa mstari wa mbele ufukweni. Ukiona kingo za kahawia kwenye majani ya zamani, angalia chumvi iliyo udongoni: kisima kilichoingiliwa na maji ya bahari, au mbolea ya dukani iliyorundikwa karibu na shina, au mmea ulio kwenye chungu usiopewa maji ya kutosha kupita chini. Suuza kwa maji mengi yasiyo na chumvi kwa mkupuo mmoja, halafu acha pakauke.

Wanaolima nyanda za juu penye jalidi, kama Kinangop, wataona kitu kingine: machipukizi machanga yanaungua yote usiku mmoja na kuwa meusi. Kichaka kizima huvumilia baridi ya nyuzi chache chini ya sifuri, lakini mche mchanga hauvumilii. Nairobi mjini haina shida hiyo.

Masizi meusi, sisimizi na vidoa

Ukipitisha kidole juu ya jani na kidole kikatoka cheusi, usipambane na weusi huo. Ni ukungu unaokua juu ya umajimaji mtamu unaotolewa na wadudu gamba, vidung'ata au inzi weupe. Geuza jani. Wadudu gamba wanaonekana kama vipele vya kahawia vilivyoganda kwenye mshipa wa kati na kwenye vijiti; vidung'ata ni vidonge vyeupe vya pamba kwenye pembe ya jani na tawi. Sisimizi wanaopanda na kushuka ndio wanaowalinda, kwa kuwa wanakula ule utamu.

Wadudu hawa hupenda mimea michanga, kivuli na msongamano, kwa hiyo tiba ya kudumu ni mwanga na hewa. Kwa sasa, kata matawi yaliyojaa, zuia sisimizi kwenye kichuguu chao, na nyunyiza maji yenye sabuni kidogo ya maji na mafuta ya mwarobaini asubuhi mapema, hasa chini ya majani. Rudia baada ya wiki moja, kisha tena. Wakati wa kaskazi, karibu na barabara ya vumbi au chini ya paa pasipofikiwa na mvua, unaweza kukuta majani yamepauka kwa vinukta vidogo sana na utando mwembamba chini yake: huo ni utitiri. Maji yenye nguvu kutoka kwenye mpira, yakielekezwa chini ya majani, huwaondoa wengi kuliko dawa.

Masika ikirefuka utaona pia vidoa vya mviringo vya kijani kijivu au rangi ya kutu, vilivyoinuka na vyenye manyoya mafupi kama mahameli. Hicho ni kiumbe cha jamii ya mwani, Cephaleuros virescens, wala si ukungu. Kwenye mmea wenye nguvu ni doa la sura tu. Ukienea sana, dawa yenye shaba itausimamisha, lakini punguza matawi kwanza hewa ipite.

Tawi moja linakauka kuanzia nchani

Chukua mkasi mkali, uufute kwa spiriti, ukate tawi kidogo kidogo ukishuka. Kila ukikata, tazama uso wa mti. Ukiona pete au kipande cha kahawia ndani ya weupe, bado hujafika. Endelea mpaka uone mti mweupe wote, halafu shuka sentimita 10 zaidi hadi kwenye panda iliyo hai. Futa mkasi kila baada ya mkato. Matawi yaliyokatwa choma au yaondoe bustanini. Usiyarushe kwenye shimo la mboji, kwa sababu miiba ya karisa hubaki mikali muda mrefu baada ya jani kuoza, na atakayeitandaza mboji hiyo kwa mikono ataumia.

Hapo hapo niseme juu ya utomvu. Vaa glavu nene na miwani. Utomvu ukiingia jichoni huwasha vibaya. Osha kwa maji safi mengi.

Kipara katikati, au matawi yanayosimama kama fimbo

Haya ni matatizo mawili ya mkasi. La kwanza linatokana na kufyeka karisa kama ua wa michongoma, kila mwezi, kwa urefu uleule. Juu panafanya blanketi nene la majani, ndani panakosa mwanga, na baada ya miaka michache likipasuka unaona vijiti vitupu. Mwanzoni mwa mvua, toa theluthi moja ya matawi ya zamani kabisa, uyakate chini kabisa, uache mwanga uingie. Mwaka unaofuata theluthi nyingine. Pengo lililo wazi lizibe kwa tawi la jirani: livute lilale, kwangua ganda kidogo upande wa chini, lifukie kwa udongo na kulizuia kwa jiwe. Litatoa mizizi lenyewe.

La pili ni matawi yenye nguvu yanayochomoza wima kutoka katikati ya zulia, manene, yenye majani makubwa kuliko wenzao. Hiyo ni tabia ya mzazi mrefu inayorudi. Yakiachwa yatautawala mmea wote. Kuyapunguza ncha hakusaidii, yatagawanyika na kuwa mengi. Yafuate mpaka yalipotokea, uyakate hapo.

Lakini kama mmea mzima umepaa kufika kifuani, pengine hukuuziwa karisa ya kutandaa. Miche ya mbegu haifanani na mama yake, na mbegu kutoka 'Green Carpet' zinaweza kukupa vichaka vya kila urefu. Vilevile wapo wanaouza ndugu yake wa porini, Carissa spinarum, ambaye Wakikuyu na Wakamba humwita mukawa, Waluo ochuoga, Wamaasai olamuriaki. Huyo ni mmea wetu wa thamani, na matunda yake meusi matamu yameliwa na watoto wachungaji tangu zamani. Ila ni kichaka kinachopanda na kuparamia, hakitandai. Miiba yake kwa kawaida ni ya ncha moja.

Magugu yametoboa zulia

Kung'oa magugu ndani ya karisa iliyoota miiba ni adhabu, kwa hiyo kazi yote ifanyike kabla ya kupanda. Adui mkubwa ni ndago. Chimba utoe vitunguu vyake, mwagilia, subiri vichipue tena, uchimbe tena, mpaka chipukizi ziwe za kuhesabika. Hapo ndipo upande, umbali wa sentimita 60 hadi 90 kati ya mche na mche, na matandazo ya sentimita 5 hadi 8 yasiyogusa shina. Karisa hukua polepole mwanzoni na haitafunga ardhi msimu wa kwanza. Palilia bila kuchoka kipindi hicho.

Maua tele, matunda hakuna

Angalia mkasi kwanza. Karisa hutoa maua kwenye ncha za vijiti. Anayeifyeka kila mara anakata maua ya leo na matunda ya kesho kwa pamoja. Jambo la pili ni aina: nyingi za fupi zilichaguliwa kwa umbo na majani, na mavuno yake ni madogo tangu mwanzo.

Jambo la tatu ndilo la kuvutia. Mimea mingi ya karisa haijichavushi yenyewe, na ukinunua miche yote ya vipandikizi kutoka mama mmoja, bustani nzima ni mmea mmoja uliogawanywa. David Fairchild wa idara ya kilimo ya Marekani alichukua mbegu nyingi kutoka bustani ya mimea ya Durban mwaka 1903, na maelfu ya miche yakakuzwa Miami. Huko Marekani ilionekana kwamba mimea mingine huzaa kidogo na mingine haizai kabisa, lakini hata hiyo tasa hushika matunda ikichavushwa kwa mkono kutoka mmea mwingine. Kusini mwa Afrika, kwao karisa, kazi hiyo hufanywa na mende wadogo na nondo wa usiku. Kwa hiyo changanya: pata mche mmoja au miwili kutoka kitalu tofauti, au mmoja wa mbegu. Acha kupiga dawa ya wadudu jioni wakati wa maua. Ukiwa na haraka, chukua chelewa nyembamba, ipitishe ndani ya mrija wa ua la mmea mmoja, kisha ndani ya ua la mmea mwingine, taratibu.

Yakishika, subiri tunda liwe jekundu lililokolea na laini ukilibonyeza. Bichi limejaa utomvu na ukali. Lililoiva huliwa zima, ganda na mbegu, na lina vitamini C miligramu 38 hivi katika gramu 100. Ukipika jamu, usitumie sufuria ya alumini, na sufuria zetu nyingi ni hizo. Tumia ya stili. Utomvu utaganda ukutani mwa sufuria, nao hutoka ukisuguliwa kwa mafuta ya kupikia.

Hapa nina ombi zito. Upo mmea unaofanana mno na karisa: jani nene linalong'aa, maua meupe yenye harufu nzuri, utomvu mweupe. Ni msunguti, Acokanthera, ambao Wagiriama, Wakamba na Waata walitengenezea sumu ya mishale. Una uwezo wa kusimamisha moyo wa mtu. Msunguti hauna miiba. Matunda yake yakiiva huwa ya zambarau iliyokolea hadi nyeusi. Ugumu unakuja kwa kuwa zipo aina za karisa za bustani zisizo na miiba, kama 'Boxwood Beauty'. Kwa hiyo usimruhusu mtoto kula tunda la mmea usio na miiba ambao hukuununua kwa jina na kwa mtu unayemwamini. Na hata kwa karisa ya kweli, kinacholiwa ni tunda lililoiva pekee. Majani na mashina ya mmea wa ukoo huu yasichezewe jikoni.

Vipandikizi vinaoza badala ya kutoa mizizi

Karisa ni mbishi kwa vipandikizi vya kawaida. Njia inayofanya kazi ni kukata kijiti kichanga nusu ya unene wake kikiwa bado mtini, kukiacha kikining'inia hivyo kwa miezi miwili, ndipo kukikata kabisa na kukichomeka kwenye mchanga. Baada ya mwezi hivi kinakuwa na mizizi. Njia ya kulaza tawi na kulifukia, niliyoitaja juu, ni rahisi zaidi kwa aina za kutandaa. Mbegu huota kwa wiki mbili, kisha miche inakaa muda mrefu bila kuonyesha dalili ya kukua, na urefu wake ni bahati nasibu.

Wakati wa kung'oa

Ukifukua ukakuta zaidi ya nusu ya mizizi inateleza ganda, na kwenye kola ya shina, pale linapoingia ardhini, ukikwaruza ukakuta kahawia pande zote, mmea huo hautapona. Ng'oa na mizizi yake yote, toa na udongo ulioizunguka, osha jembe kabla ya kwenda kwenye mmea mwingine. Usipande karisa nyingine kwenye shimo hilo hilo. Kama tatizo lilikuwa ukoka, sogeza kinyunyizio na uinue tuta kabla ya kurudisha mche. Kama ni bonde ambalo kila masika linajaa maji, panda pale ukoka wenyewe au kitu kinachopenda maji, na karisa uihamishie upande wa jua, juu ya mteremko.